Mwili haujazoea dawa, bakteria ndiye anayeitema

"Mwili wangu umeshaizoea hiyo dawa, waniandikie nyingine." Maneno haya nayasikia mno kwenye dirisha la majibu, na wanaoyasema si watu wa kubeza. Ni walimu, ni wahasibu, juzi alikuwa mama mmoja muuza vitenge anayejua majina ya antibayotiki kuliko wanafunzi wetu wa mafunzo kwa vitendo. Nafanya kazi kitengo cha vimelea kwenye maabara ya hospitali, hapa Moshi. Tunaotesha mkojo, usaha, damu, maji ya uti wa mgongo, chochote kinacholetwa kwenye kichupa, halafu tunatazama kilichoota kinakufa kwa dawa gani. Basi huwa nawajibu: mwili wako haujazoea chochote, mama, mwili ni uleule. Wa kumtazama ni mdudu. Na huyo naye pengine hajabadilika kiasi tunachodhani. Anatumia kiungo alichokuwa nacho tangu zamani.

Hapo kwenye kiungo ndipo nataka nikae leo.

Kwenye semina za usugu wa vimelea dhidi ya dawa, au UVIDA kama wanavyouita wizarani, tunafundishwa njia nne. Bakteria anaweza kutengeneza kimeng'enya cha kuikata dawa. Hii ndiyo maarufu, ndiyo inayowatesa wenzetu wa wodini na sindano yao ya seftriaksoni. Anaweza kubadili umbo la kile ambacho dawa inakilenga, dawa ikafika isipate pa kushika. Anaweza kupunguza matundu kwenye ukuta wake. Na anaweza kuiacha dawa iingie, kisha akaitoa nje nzima nzima, haijakatwa wala kuguswa, bado ina uwezo wa kumuua bakteria wa jirani. Njia hii ya nne hupewa slaidi moja, mara nyingi ile ya mwisho kabla ya chai.

Sababu ya kupewa slaidi moja naijua: hatuna kipimo chake cha kila siku. Vimeng'enya tunavikamata kwa diski mbili, vidoti vya karatasi vyenye dawa vinavyowekwa juu ya bakteria: moja ina dawa peke yake na nyingine ina dawa pamoja na asidi ya klavulaniki inayozuia kimeng'enya, na tofauti ya duara ambamo bakteria hawakuota unaisoma kwa rula. Pampu ya kutoa dawa haina diski yake. Inafanya kazi kimya ndani ya majibu ya dawa nyingine zote, na mtu akisoma cheti haoni mahali palipoandikwa "pampu".

Habari yenyewe si ngeni. Mwaka 1980, Laura McMurry na Stuart Levy wa Chuo Kikuu cha Tufts, Boston, pamoja na mwenzao, walikuwa wanahangaika na E. coli, bakteria wa utumboni, sugu kwa antibayotiki iitwayo tetrasaiklini. Ilishajulikana kwamba ndani ya bakteria hao dawa inakuwa kidogo. Swali lilikuwa kama haiingii, au inaingia inatolewa. Walichofanya kinanifurahisha mpaka leo. Walipasua bakteria kwa namna ambayo vipande vya utando vinajifunga upya vikiwa vimegeuzwa ndani-nje, vikawa vifuko vidogo ambavyo upande uliokuwa unatazama nje sasa unatazama ndani. Wakavipa tetrasaiklini na nishati. Dawa ikajikusanya ndani ya vifuko. Kilichokuwa kinasukuma kuelekea nje, kwa kuwa utando umegeuzwa, kikawa kinasukuma kuelekea ndani. Hapo hakukuwa na ubishi tena: kwenye utando kuna kitu kinachosukuma dawa, na kinatumia nguvu.

Pampu ile ya tetrasaiklini ni ya kazi moja. Jeni yake husafiri kwenye plasmidi, kipande cha DNA ambacho bakteria mmoja anampa mwenzake, na ukiwa na pampu hiyo una usugu wa tetrasaiklini na ndugu zake basi. Pampu zinazoninyima raha ni za kundi jingine, zile zinazotoa karibu kila kitu. Kwa E. coli na Salmonella mkubwa wao anaitwa AcrAB-TolC, na huyu hakuazimwa kwa mtu. Yuko kwenye kromosomu ya kila E. coli, awe sugu au asiwe.

Ukitaka ushahidi, njoo asubuhi tunapofungua inkubeta. Sahani za MacConkey, jeli ya kuoteshea bakteria, ziko pale zimegeuzwa chali, na E. coli ameota koloni za waridi, bapa, kavukavu, na zimezungukwa na ukungu wa waridi kwenye jeli. Jeli hiyo ina chumvi za nyongo, na ilikusudiwa hivyo tangu Alfred MacConkey alipoibuni huko Liverpool mwanzoni mwa karne iliyopita: alitaka wanaoishi utumboni waote na wengine wazuiwe. Nyongo ni sabuni. Inayeyusha mafuta, na utando wa bakteria ni mafuta. E. coli anaishi kwenye utumbo, anaogeshwa nyongo kila tunapokula, na haimuui kwa sababu mbili: utando wake wa nje unaichelewesha, na ile inayopenya anaitoa. Wataalamu wakimfuta jeni ya TolC, E. coli yuleyule anashindwa kuota kwenye MacConkey. Kwa hiyo kila koloni ya waridi ninayoinyofoa kwa kitanzi cha waya imeota kwa sababu pampu inafanya kazi. Mgonjwa huyo huenda hajawahi kumeza hata kidonge kimoja cha antibayotiki maishani mwake.

Ndiyo maana nasema bakteria hajabadilika sana. Pampu ilikuwepo kabla ya Fleming na penisilini yake, kabla ya hospitali. Sisi tumekuja juzi tu na vidonge vyetu, na pampu haijali kama kilichoingia ni nyongo au ni sipro, yaani siprofloksasini.

Yenyewe ina sehemu tatu. AcrB imekaa kwenye utando wa ndani, TolC imetoboa utando wa nje, na AcrA inaziunganisha, ili kinachotolewa kisimwagwe katikati bali kiende nje moja kwa moja. TolC peke yake ni bomba la urefu wa nanomita kama 14. Umbo lake lilichorwa na Vassilis Koronakis na wenzake wa Cambridge mwaka 2000. Miaka miwili baadaye Satoshi Murakami na Akihito Yamaguchi, Osaka, pamoja na wenzao, wakatoa umbo la AcrB. Halafu mwaka 2006 ikaonekana namna inavyofanya kazi. AcrB ni vipande vitatu vyenye mpangilio uleule, lakini vikiwa kazini kila kimoja kina umbo lake: kimoja kimefunguka kinapokea, cha pili kimekibana kilichopokewa, cha tatu kinakiachia kielekee TolC. Kisha wanabadilishana zamu. Nguvu ya kuwabadilisha inatokana na protoni. Nje ya utando wa ndani zimejaa, ndani ni chache, nazo zinataka kuingia. Kupita kwake ndani ya AcrB ndiko kunakosogeza zamu.

Na mfuko wa kupokelea ni mpana, hauchagui. Tetrasaiklini, kloramfenikoli, erithromaisini, siprofloksasini, rangi za maabara, sabuni, nyongo, vyote vinaingia. Hapa ndipo watu huchanganyikiwa, maana tumezoea kudhani usugu wa dawa fulani unatokana na kutumia dawa hiyohiyo. Kwa pampu si lazima. Unaweza kutumia dawa moja, ukachagua bakteria wenye pampu nyingi, ukajikuta na usugu wa dawa ambayo hujawahi hata kuiona.

Mwenzangu wa benchi la usaha ni mtu wa Pangani, na siku niliyokuwa namwelezea haya mwanafunzi, nikichora AcrB kwenye karatasi ya nyuma ya rejista, alinikata kauli: "Dada, si kufua maji tu hiyo? Ngalawa yote inavuja. Ukifua kuliko yanavyoingia, unafika." Tangu hapo nimeacha mchoro. Ngalawa ya Pangani inaeleza jambo ambalo michoro yetu inalificha, kwamba huu ni mchezo wa kasi mbili. Dawa inapenya muda wote, pampu inatoa muda wote. Bakteria hakuzuia kitu. Amehakikisha tu kwamba ndani hakujai. Na likija wimbi kubwa, yaani dawa nyingi kwa mpigo, upo wa kufulia haumsaidii, anazama.

Ndiyo maana pampu peke yake mara nyingi haileti usugu wa kutisha. Inaongeza kiasi cha dawa kinachohitajika mara mbili, mara nne, mara nane hivi. E. coli wa kawaida kabisa huzuiwa na siprofloksasini ya miligramu 0.015 hivi kwa lita. Ikivunjika jeni yake ya kudhibiti pampu, AcrAB ikatengenezwa kwa wingi, atahitaji kama 0.06. Ni mara nne. Lakini mstari tunaotumia kusema dawa inafanya kazi, kwa vigezo vya CLSI, taasisi ya Marekani inayoweka viwango vya maabara, uko kwenye 0.25. Kwa hiyo huyu naye anapata S, herufi ya "dawa inafanya kazi". Naandika S, natia saini, cheti kinakwenda wodini, na si uongo, mgonjwa atapona. Ila kwenye sahani ile kuna bakteria ambaye ameshapanda ngazi ya kwanza, na mimi nimempitisha kwa herufi ileile niliyompa yule ambaye bado yuko chini.

Ngazi ya pili ni kubadilika kwa shabaha. Siprofloksasini inalenga kimeng'enya kinachoitwa gairesi, kinachosokota na kusokotoa DNA. Herufi moja ikibadilika kwenye jeni ya gairesi, dawa haishiki vizuri. Kwa miaka mingi vitabu vilisema usugu wa sipro ni habari ya gairesi, pampu ni nyongeza. Mwaka 2000 kundi la Levy huyohuyo likachukua E. coli sugu sana, wenye mabadiliko ya gairesi zaidi ya moja, likafuta AcrAB tu. Gairesi iliyobadilika ikaachwa vilevile. Usugu ukaporomoka hadi bakteria hao wakawa wanatibika. Nilipoisoma hiyo mara ya kwanza niliirudia kuhakikisha sijaelewa vibaya. Maana yake ni kwamba yale mabadiliko tuliyokuwa tunayaogopa yalikuwa yanaegemea pampu.

Kuna jaribio jingine, la Lyon, Ufaransa, la mwaka 2019, kutoka kwa kundi la Christian Lesterlin, ambalo kwangu linafunga mjadala. Tuseme bakteria anapokea plasmidi yenye pampu maalumu ya tetrasaiklini huku amezungukwa na tetrasaiklini. Dawa hii inazuia utengenezaji wa protini. Pampu ni protini. Sasa atatengenezaje protini ya kumwokoa wakati dawa imeshazuia kutengeneza protini? Ilionekana kwamba anamudu kwa sababu AcrAB-TolC, ile ya zamani isiyochagua, inatoa dawa kidogo kidogo na kuiacha karakana ya protini ikiendelea kwa kusuasua. Kusuasua huko kunatosha kutengeneza pampu mpya, na hiyo ikishakuwepo mambo yamekwisha. Walipomwondoa AcrAB-TolC, bakteria aliyepokea jeni ya usugu akashindwa kuitumia. Kwa hiyo pampu inamnunulia muda.

Muda huo ndio tunaompa bure. Sipendi kuwapigia watu kelele za "maliza dozi", kwa sababu mbili. Kwanza, siku nyingi si lazima ziwe bora. UTI ya kawaida kwa mwanamke isiyo na matatizo inatibika kwa siku chache tu kwa dawa iliyochaguliwa vizuri. Pili, mara nyingi kosa si la mgonjwa. Ni kiasi. Mtu anaingia duka la dawa na shilingi elfu moja, anauziwa vidonge vinavyolingana na elfu moja. Anakunywa kimoja asubuhi, akipata nafuu anaweka vingine kwenye pochi. Au dawa yenyewe ni dhaifu, imetengenezwa chini ya kiwango au imekaa kwenye bati la moto tangu kiangazi. Damu yake inapata dawa, ndiyo, lakini ni ile ya kiwango ambacho bakteria wa kawaida anakufa na mwenye pampu nyingi anabaki. Ukitaka kufuga hao wa pili, sijui njia iliyo bora kuliko hiyo.

Nimesema hatuna kipimo. Hiyo ni kweli kwa kazi ya kila siku, lakini pampu inaonekana ukiamua kuitafuta. Nilipokuwa nasoma shahada ya uzamili tulitumia njia iliyotoka kwa watafiti wa Lisbon, ya bei nafuu kwelikweli. Unamimina sahani kadhaa za jeli, kila moja ina ethidiamu bromaidi kwa kiwango kinachopanda. Rangi hii ikifika kwenye DNA na ukaimulika kwa taa ya urujuanimno, inawaka rangi ya chungwa. Unachora bakteria zako kwa mistari kutoka katikati kwenda ukingoni, kila bakteria mstari wake, unaziacha usiku kucha. Kesho yake unaingia chumba cha giza na miwani ya kinga na glavu mbili, maana ethidiamu ni sumu inayogusa DNA yako pia, haichagui. Unawasha taa. Sahani ya kwanza, giza tupu. Ya pili, mstari mmoja unawaka, huyo hana pampu, tulimweka makusudi. Ya tatu, mistari miwili mitatu inafifia kama inataka. Na kuna mstari ulioandikwa nambari ya sampuli ya usaha ambao hadi sahani ya mwisho kabisa bado ni mweusi. Ameota vizuri tu, mnene, amekaa juu ya rangi, na rangi haikai ndani yake. Msimamizi wangu, mtu asiyesifia kitu, alisogeza uso karibu na kioo akasema, "Mh. Huyu anafanya kazi."

Huyo alikuwa Pseudomonas aeruginosa, na kama kuna bakteria mwenye haki ya kupewa makala nzima ya pampu ni yeye. Ana mifumo ya aina ya AcrAB zaidi ya kumi. Mkubwa anaitwa MexAB-OprM. Tunampata kwenye vidonda vya moto, miguu ya kisukari, mipira ya mkojo. Unamjua kabla hujamtazama: ukifunua sahani inanukia zabibu, na jeli imegeuka kijani. Kwake kuna alama moja ambayo huwa naifundisha. MexAB-OprM inaitoa meropenemu lakini imipenemu haiwezi kuitoa, ingawa hizo dawa ni ndugu wa karibu, zote za ukoo wa karbapenemu. Kwa hiyo ukikuta duara la diski ya meropenemu limebana na la imipenemu limefunguka, milimita 16 kwa 23 tuseme, anza kufikiria pampu. Ikigeuka, imipenemu imebana na meropenemu bado iko wazi, fikiria tundu la ukutani linaloitwa OprD, ambalo imipenemu huingilia, kwamba limepotea. Si uthibitisho. Ila inakuepusha kusema "karbapenemu zote zimeshindwa" na kukimbilia kolistini, dawa ya mwisho, wakati bado kuna mlango.

Tatizo ni kupata diski zote mbili kwa wakati mmoja. Hilo tuliache.

Watu huniuliza kuhusu taifodi, na hapa nina habari mbaya. Kwa taifodi sugu sana, ile iliyoanza kusambaa Sindh, Pakistan, mwaka 2016, dawa ya kumeza iliyobaki ni azithromaisini. Huko Dhaka, Bangladesh, kikundi cha Senjuti Saha na wenzake kikapitia Salmonella wa taifodi na paratifodi waliohifadhi kwa miaka na kuwakuta wachache sugu kwa azithromaisini. Walipotafuta sababu, kwenye matokeo yaliyotoka 2019, hawakukuta plasmidi wala kimeng'enya kipya. Walikuta asidi amino moja imebadilika ndani ya AcrB, nafasi ya 717. Moja, kwenye protini yenye zaidi ya elfu moja. Pampu ilikuwa ikiitoa azithromaisini kwa uvivu, sasa inaitoa vizuri zaidi. Ikimaanisha kwamba hakuhitaji kukutana na mtu wa kumpa jeni. Alikuwa na kiungo tayari, kikanolewa kidogo. Mabadiliko ya namna hiyo yameshaonekana pia Pakistan na kwingine.

Kifua kikuu nacho. Sisi wa Kilimanjaro tuko jirani na Kibong'oto, kule Siha, hospitali ya taifa ya magonjwa ambukizi ambako wagonjwa wa TB sugu wanatibiwa. Wanaokumbuka enzi za sindano wanajua bedakuilini, kidonge cha TB sugu, ilikuja kama baraka, kwani kanamaisini, mojawapo ya sindano hizo, iliwaacha wengine viziwi. Bedakuilini iliidhinishwa Marekani Desemba 2012. Lakini bakteria wa TB ana pampu iitwayo MmpL5, na jeni moja, Rv0678, kazi yake ni kuizuia isitengenezwe ovyo. Jeni hiyo ikiharibika, na inaweza kuharibika mahali pengi, pampu inazalishwa kwa wingi na bedakuilini inaanza kutolewa. Pamoja nayo inatolewa klofazimini, dawa ya zamani ya ukoma, isiyofanana nayo hata kidogo. Ukikosa moja umepunguza na nyingine. Na kwa kuwa jeni inaharibika kwa namna nyingi tofauti, hakuna kipimo cha haraka cha nusu siku cha kuikamata kama tulivyozoea kwa rifampisini na mashine ya GeneXpert.

"Sasa si mumzimie umeme wake?" Aliniuliza fundi mmoja wa jenereta niliyekuwa nampa majibu ya kidonda. Swali zuri, na limeulizwa maabara kubwa kuliko yetu. Kuna kemikali, CCCP, inayozivuruga protoni kiasi kwamba pampu inakosa nguvu na dawa inajaa ndani ya bakteria dakika hizohizo. Tunaitumia kwenye majaribio. Tatizo ni kwamba seli zetu nazo zinaishi kwa protoni. Ukimpa mgonjwa CCCP umemzima yeye.

Njia nyingine ni kuiziba pampu yenyewe. Hapa kuna kisa cha nyumbani kidogo. Rezapini, dawa ya presha iliyotengwa mwaka 1952 kutoka kwenye mmea wa India uitwao Rauvolfia serpentina, inaiziba NorA, pampu ya Staphylococcus aureus, bakteria wa majipu, inayotoa sipro. Na Rauvolfia tunayo sisi. Rauvolfia caffra ni msesewe, mti ambao gome lake linatiwa kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi. Shangazi yangu aliposikia hivyo alitaka kutangaza kwamba mbege inatibu majipu. Hapana, shangazi. Kiwango cha rezapini kinachohitajika kuizuia NorA kwenye bomba la majaribio ni kikubwa kuliko anachoweza kuvumilia binadamu. Ukikifikia presha itakuangusha kabla ya jipu kupoa. Mimea yenyewe lakini ina akili: kuna jamii ya Berberis inayotengeneza beberini, ambayo inaua bakteria kwa shida kwa sababu NorA inaitoa, na mmea huohuo unatengeneza kitu kingine kinachoiziba NorA. Ilitangazwa mwaka 2000. Mmea ulishagundua dawa mseto.

Maabara za dawa nazo zilikuwa na kizibo chao, PAβN, mwaka 2001, kilichofanya kazi vizuri dhidi ya Pseudomonas kwenye sahani. Sumu ikakikwamisha. Verapamili, dawa ya presha iliyo madukani, inaongeza ukali wa bedakuilini kwenye chupa. Hadi sasa hakuna kizibo cha pampu ya bakteria kilichoidhinishwa kwa mgonjwa. Kikwazo kimojawapo ni kwamba sisi nasi tuna pampu: figo, utumbo na ubongo vinatumia za kwao kutoa sumu, na kinachoziba ya bakteria hupenda kuziba na hizo.

Sitaandika sana kuhusu sabuni, ila moja. Triklosani, ile iliyokuwa kwenye sabuni za "kuua vijidudu asilimia tisini na tisa", inatolewa na AcrAB, na bakteria wanaotengeneza AcrAB kwa wingi wanaivumilia zaidi. Marekani iliiondoa kwenye sabuni za kunawia za nyumbani kwa uamuzi wa 2016. Sabuni ya mche inasafisha mikono vizuri tu.

Kinachowezekana kwetu kesho asubuhi, bila mashine mpya, ni hiki. E. coli wa kulinganishia tunayemtumia kuhakiki diski, ATCC 25922, anatoa duara la milimita 29 au zaidi kwa diski ya siprofloksasini. Mstari wa S unaanzia 26. Mgonjwa mwenye 33 na mwenye 26 wote wanapata S, lakini hao si bakteria wa aina moja, na huyo wa 26 ningependa daktari amjue kabla hajampa dozi ya pili ya dawa ileile mwezi ujao. Herufi inafuta tofauti hiyo. Milimita zenyewe tunaziandika kwenye rejista kila siku, ziko pale. Nimependekeza ziingie kwenye cheti, fomu mpya bado inazungushwa kutafutiwa saini. Wakati tunaisubiri, madaktari mnaosoma hapa: pigeni simu benchi la vimelea, tajeni nambari ya sampuli, tutawasomea.